Kondo, titi au sindano: kinga ya mtoto mchanga inatoka wapi, na uamue nini wakati gani

Mjamzito akiuliza mtoto wake atalindwa na nini akishazaliwa, anaweza kupewa majibu matatu na watu watatu. Muuguzi wa dirisha la chanjo atamwambia chanjo. Mkunga atamwambia maziwa ya mwanzo. Bibi yake nyumbani atamwambia mtoto hutoka tumboni na kinga yake, asihangaike. Wote wako sahihi, ila kila mmoja anazungumzia kinga nyingine, yenye muda wake na mahali pake pa kufanyia kazi. Ukizichanganya unaamua vibaya: unaruka sindano kwa kuwa utanyonyesha, au unaona titi halina haja sana kwa kuwa mtoto ameshachanjwa.

Hapa ninaziweka bega kwa bega, kisha tuingie kwenye maamuzi yenyewe. Mengi hayachaguliki, mwili wa mama unayafanya bila kukuuliza. Yanayochagulika ni machache, na karibu yote yana saa yake, ikipita, imepita.

Inayopita kwenye damu na inayopita kwenye maziwa

Kinga ya kwanza hupitia kondo la nyuma. Damu ya mama ina kingamwili, yaani protini zinazotambua na kushika vijidudu, za aina kadhaa, lakini inayovushwa kwenda kwa mtoto ni moja tu, IgG. Haipenyi kwa bahati. Kwenye ukuta wa kondo kuna vipokezi vinavyoishika, kuivusha na kuiachia upande wa pili, ndani ya damu ya mtoto. Kazi hiyo huanza karibu na mwezi wa tatu wa mimba, huenda polepole, kisha hushika kasi miezi mitatu ya mwisho. Kwenye wiki ya 28 hadi 32 mtoto huwa na takribani nusu ya kiwango cha mama. Akitimiza siku zake huwa amemfikia, na mara nyingi amempita. Ndiyo maana mtoto njiti huugua kirahisi: pamoja na uzito mdogo, ameondoka kabla mzigo haujamaliza kupakiwa.

Anachopokea ni kumbukumbu ya maisha ya mama yake: surua aliyougua utotoni, pepopunda aliyochanjwa, mafua ya miaka yote hiyo. Ni kama salio uliloachiwa mara moja, linatumika lakini haliongezwi. Kitovu kikishakatwa, nusu ya kingamwili hizo hupotea kila baada ya wiki tatu au zaidi kidogo, na kwa magonjwa mengi ukifika mwezi wa sita kilichobaki hakitoshi.

Kinga ya pili ni ya maziwa, na inaanza na dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza. Humo kingamwili kuu ni IgA ya ute. Kwa binadamu hii karibu haiingii kabisa kwenye damu ya mtoto. Inabaki inapopita: mdomoni, kooni, tumboni, utumboni, ikivishika vijidudu kabla havijagusa ukuta wa mwili. Pamoja nayo kuna laktoferini inayowanyima bakteria madini ya chuma, lisozaimu inayovunja kuta zao, seli nyeupe zilizo hai, na sukari maalumu za aina zaidi ya 200 ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo sukari si zake. Ni chakula cha bakteria wema wanaokaa utumboni na kuwabana wabaya.

Jambo linaloyatofautisha maziwa na kondo kuliko yote ni kwamba maziwa hujisasisha. Seli za kinga zilizokutana na vijidudu kwenye utumbo na njia ya hewa ya mama huhamia kwenye matiti na kutengeneza kingamwili huko. Kidudu cha kuhara kilichoko mtaani kwenu wiki hii, mama akikipata, dawa yake inaanza kuonekana kwenye maziwa. Kwa hiyo mama mwenye mafua hana sababu ya kumnyima mtoto titi. Avae barakoa, anawe mikono, aendelee kunyonyesha. Mtoto ameshakaa karibu na mafua hayo vyovyote vile.

Aliyeutenganisha mchango wa maziwa na wa uzazi kwa jaribio ni Mjerumani Paul Ehrlich, mwaka 1892. Aliwazoesha panya jike sumu zitokanazo na mimea, ikiwamo ya mbegu za nyonyo, hadi wakawa na kinga, kisha akabadilishana watoto: wa mama mwenye kinga wakanyonyeshwa na asiye nayo, na wa asiye nayo wakanyonyeshwa na mwenye nayo. Wale wa kundi la pili, waliozaliwa bila chochote, walipata kinga kwa kunyonya. Baba mwenye kinga hakurithisha kitu. Tahadhari tu: utumbo wa panya mchanga hufyonza kingamwili za maziwa na kuzipeleka kwenye damu, wa mtoto wetu karibu haufanyi hivyo. Ndama naye ni habari nyingine. Kondo la ng'ombe halivushi kingamwili, kwa hiyo ndama asiyenyonya dang'a ndani ya siku ya kwanza hana kinga yoyote, na kila mfugaji anajua mwisho wake. Mtoto wa mtu hupewa kwa njia zote mbili, na hapo ndipo wengi hudhani moja inaweza kuziba pengo la nyingine.

| | Kupitia kondo | Kupitia maziwa |
|---|---|---|
| Kingamwili kuu | IgG | IgA ya ute |
| Hufanya kazi | Ndani ya damu, mwili mzima | Mdomoni, kooni, utumboni |
| Huongezwa hadi | Kitovu kinapokatwa | Siku ya mwisho ya kunyonya |
| Husaidia hasa | Pepopunda, surua, kifaduro | Kuhara, maambukizi ya masikio na njia ya hewa |
| Hupunguzwa na | Kuzaliwa njiti, malaria ya kondo, VVU | Kuachishwa mapema, kuchanganyiwa vyakula |

Ukiwa bado na mimba: uchanjwe wewe au usubiri achanjwe yeye?

Kwa pepopunda hakuna mashindano. Mtoto mchanga huipata kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa kinyesi cha ng'ombe, majivu au udongo, na dalili hutokea mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 14. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri siku mbili za kwanza anashindwa kufungua kinywa, kisha mwili unakakamaa akiguswa tu au akisikia mlango umepigwa. Chanjo yake mwenyewe ya pepopunda, iliyomo kwenye pentavalenti (sindano moja ya magonjwa matano), huanza wiki ya 6. Umeona pengo lilivyo. Maziwa hayalizibi, kwa sababu sumu ya pepopunda hupita mwilini, si utumboni. Kinachoziba ni IgG ya mama aliyechanjwa, na dozi ya pili iwe imepita angalau wiki mbili kabla ya kujifungua, ili mwili uwe umepata muda wa kutengeneza na kondo muda wa kuvusha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 1988 pepopunda iliua watoto wachanga 787,000 duniani. Mwaka 2018 walikuwa kama 25,000. Tanzania ilithibitishwa kuidhibiti mwaka 2012. Lakini bakteria wake wanaishi kwenye udongo na samadi na hawatakwisha, hivyo kila kizazi cha kina mama kinajengewa kinga upya. Dozi tano zilizopangwa vizuri zinatosha kwa miaka yote ya uzazi. Tunza ile kadi. Mama aliyepoteza kadi huanzishwa dozi ambazo pengine alishazipata.

Kifaduro kina pengo lilelile la wiki 6, na kichanga chini ya miezi mitatu ndiye anayekufa nacho. Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito mwaka 2012 baada ya mlipuko, na watoto wa waliochanjwa walilindwa kwa takribani asilimia 90 katika wiki zao za mwanzo. Kama uko mahali inapotolewa, ichukue katika kila mimba, hata kama uliipata mimba iliyopita, maana kingamwili za mama pia hushuka. Chanjo ya mafua ya msimu nayo ni hivyohivyo.

Kwa sisi wa ukanda wa malaria kuna jambo linalosahaulika. Vimelea vya malaria hujikusanya kwenye kondo, na tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa kondo lililoathirika huvusha kingamwili chache zaidi za magonjwa mengine, ikiwamo surua. Kwa hiyo zile SP, vidonge vya kukinga malaria unavyomezeshwa mbele ya muuguzi, na chandarua ulichopewa hudhurio la kwanza, vinalinda pia kile unachompelekea mtoto. Mama anayelala nje ya chandarua kwa sababu ya joto anadhani anahatarisha damu yake peke yake.

Saa ya kwanza: dang'a au maji ya sukari?

Hapa ndipo familia huamua, na mara nyingi si mama anayeamua. Amechoka, ameshonwa, maziwa "hayajatoka", na mama mkwe amekuja na chupa ya maji ya vuguvugu yenye sukari. "Mwanangu, huyu atakufa na njaa, mwonjeshe kidogo hadi maziwa yashuke." Kuna wanaosema ya njano ni machafu, yamekaa tumboni miezi tisa, yakamuliwe yamwagwe.

Pima kwa macho. Tumbo la mtoto wa siku moja hubeba mililita 5 hadi 7 kwa mara moja, sawa na kijiko cha chai na kidogo. Mama akishika titi kwa vidole viwili nyuma ya sehemu nyeusi, akabana na kuachia bila kuteleza kwenye ngozi, dakika chache baadaye kwenye kijiko kutakuwa na matone mazito ya njano yanayokaribia kujaa. Machoni ni kidogo, lakini kwa tumbo lile ni mlo. Na katika matone yale IgA imekolea kuliko siku nyingine yoyote ya kunyonyesha. Ukilijaza tumbo hilohilo maji ya sukari, umempa shibe isiyo na kinga, umepunguza hamu yake ya kunyonya, na titi lisilonyonywa huchelewa kutoa maziwa. Ule wasiwasi wa njaa unajitimiza wenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia karibu watoto 100,000 wa Ghana, India na Tanzania, uliwalinganisha walionyonya ndani ya saa moja na waliochelewa. Walioanza kati ya saa 2 na 23 walikuwa na hatari ya kufa ndani ya siku 28 iliyozidi kwa takribani asilimia 40. Waliochelewa zaidi ya siku nzima, karibu asilimia 80. Kuzaa kwa upasuaji si udhuru. Mama aliyechomwa ganzi ya mgongo anaweza kunyonyesha akiwa amelala, mtu amsaidie kumshika mtoto.

Kwa Waislamu kuna tende inayolainishwa na kupakwa kwenye kaakaa la mtoto. Sitaingia kwenye fiqhi. Ninachosema ni kwamba aongee na mkunga kabla, kiwe kiasi cha kupaka tu, kidole kioshwe kwa sabuni, na titi lifuate papo hapo. Asali, hata hivyo, haina nafasi kabla ya mtoto kutimiza mwaka: inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo mchanga hauna uwezo wa kuzizuia. Dawa ya mchango na maji ya mchele navyo vibaki jikoni.

Maziwa yapi, mama akiwa hayupo au hawezi?

Titi moja kwa moja ni la kwanza, sina cha kuongeza. Lakini Tanzania likizo ya uzazi ni siku 84 na Kenya miezi mitatu, wakati mtoto anatakiwa anyonye bila kitu kingine miezi sita. Anayefanya kazi anachagua baina ya kukamua na maziwa ya unga ya kopo, na hapo kukamua hushinda kwa mbali. Maziwa yaliyokamuliwa hupoteza kidogo sana ya kinga. Hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji. Dar au Mombasa ya mwezi wa Februari inavuka nyuzi 25 asubuhi na mapema, kwa hiyo beba kibebeo chenye barafu. Usiyachemshe jikoni, weka chombo ndani ya maji ya vuguvugu. Mpe kwa kikombe kidogo, maana chuchu ya chupa ni ngumu kuosha na ndiyo inayoleta kuhara.

Maziwa ya mama mwingine yanafuata, yakiwa yametayarishwa. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa mwaka 2019. Wafadhili hupimwa magonjwa, na maziwa huwekwa kwenye nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Seli hai hufa, ila sehemu nzuri ya IgA na sukari zile hubaki. Wanaopewa kipaumbele ni njiti na waliopoteza mama. Familia za Kiislamu huuliza mara moja kuhusu undugu wa kunyonya: hawa watoto watakuwa ndugu wa ziwa moja, na mfadhili ni nani? Ni swali la haki, wanazuoni hawana kauli moja, na afadhali liulizwe kabla mtoto hajafika wodini. Kumpa jirani anyonyeshe bila kupima VVU, kwa nia njema kabisa, ndilo nisilolishauri.

Kopo hulisha. Halina kingamwili wala seli hai, na unga wake hauuzwi ukiwa umeuawa vijidudu vyote, ndiyo maana maji ya kukorogea yasiwe yamepoa chini ya nyuzi 70. Ukishakoroga, yapooze kabla ya kumpa. Mama anayelihitaji kwa sababu ya kweli asiaibishwe. Ila asidanganywe pia: Kenya iliweka sheria ya matangazo ya maziwa haya mwaka 2012 kwa sababu picha za watoto wanene kwenye makopo zilikuwa zinafanya kazi.

Tofauti ilionekana wazi Botswana. Serikali ilikuwa inatoa maziwa ya kopo bure kwa kina mama wenye VVU, kwa nia ya kuzuia maambukizi. Mwisho wa 2005 na mwanzo wa 2006 mvua kubwa zikaleta mafuriko, maji yakachafuka, kuhara kukatanda na mamia ya watoto wakafa. Wachunguzi walipotafuta nini kilichowatenga walioletwa hospitali na waliobaki salama, kilichojitokeza kuliko vyote ni kutonyonyeshwa. Jaribio lililofanyika nchini humohumo na kuchapishwa mwaka 2006 lilikuwa limeona kitu hichohicho kwa utulivu: waliopewa kopo walioambukizwa VVU kufikia miezi saba walikuwa wachache zaidi kuliko walionyonyeshwa, asilimia 5.6 dhidi ya 9.0, lakini waliokufa walikuwa asilimia 9.3 dhidi ya 4.9.

Hizo zilikuwa siku kabla ya dawa za leo. Sasa mama mwenye VVU anayemeza ARV kila siku na virusi vimefubazwa, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha iko chini ya asilimia 1, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni anyonyeshe maziwa matupu miezi sita, aendelee angalau hadi mwaka, na anaweza kufika miaka miwili au zaidi. Kibaya ni kuchanganya kabla ya miezi sita: titi asubuhi, uji mchana. Vyakula vigumu mapema hukwaruza utumbo na kufungua njia. Wenzetu walio Uingereza wataambiwa na daktari kuwa kopo ndiyo salama zaidi, na hakuna mgongano hapo. Maji ya bomba la London na ya kisima cha mtaani si maji mamoja, hesabu hubadilika.

Kwa walio Ulaya na Marekani: sindano ya mama au ya mtoto?

RSV ni virusi vinavyowabana vichanga kifua msimu wa baridi. Tangu 2023 kuna njia mbili. Ya kwanza ni chanjo ya mjamzito, Abrysvo, ambayo katika majaribio ilipunguza ugonjwa mkali kwa asilimia 81.8 ndani ya siku 90 na 69.4 ndani ya siku 180. Ya pili ni nirsevimab, ambayo si chanjo bali kingamwili iliyokwisha kutengenezwa, anachomwa mtoto mwenyewe na inakaa angalau miezi mitano. Marekani chanjo ya mama hutolewa wiki ya 32 hadi 36, kwa msimu. Uingereza kuanzia wiki ya 28. Mtoto kwa kawaida huhitaji moja tu. Kama kuna dalili za kujifungua mapema, sindano ya mtoto ina nafuu, kwani ile ya mama inahitaji kama wiki mbili na kondo lenye muda wa kufanya kazi. Kama mimba imetulia na hutaki kichanga achomwe sindano ya ziada, chukua ya mama.

Na chanjo zake mwenyewe?

Kinga uliyompa huzigusa pia. Surua huchanjwa miezi 9 na si siku ya kuzaliwa kwa sababu IgG ya mama ikiwa bado nyingi huizima chanjo kabla mwili wa mtoto haujaisoma. Mama aliyeugua surua hupeleka kingamwili nyingi kuliko aliyechanjwa, na kwa kuwa kina mama wengi wa sasa ni wa kuchanjwa, watoto wao huishiwa mapema, wengine kabla ya miezi sita. Ndiyo maana penye mlipuko huweza kutolewa dozi ya ziada kuanzia miezi 6. Ukimpeleka akaipata, hiyo haihesabiwi. Ya miezi 9 na ya 18 ziko palepale.